Mwaka mzima na Zotero: uzoefu wangu wa kuandika utafiti nikiwa Tanga

Nimeshakabidhi nakala ya mwisho ya utafiti wangu wa shahada, kwa hiyo haya nayasema kwa kuitumia, si kwa kusimuliwa. Zotero ni programu ya kutunzia rejea. Kila makala, kitabu au ripoti unayoisoma inakaa humo na jina la mwandishi wake na mwaka wake, na ukianza kuandika inakupangia marejeo yenyewe. Ni ya bure. Ilitoka mwaka 2006 kwenye kituo cha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inaonekana kweli imetengenezwa na watu wanaojua shida ya nyaraka.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wadogo wa mkonge Korogwe. Muhula wa kwanza nilifanya kama tunavyofanya wengi: napakua makala usiku bando likiwa rahisi, nahamishia kwenye flashi, nyingine nachapisha steshenari, nukuu naandika kwenye daftari. Nilipofika Sura ya Pili nilikuwa na kurasa tisa za nukuu nzuri, na karibu nusu yake sijui zimetoka wapi. Msimamizi wangu alizizungushia kalamu nyekundu sentensi kumi na saba, pembeni ya kila moja akaandika neno lile lile: "Nani?" Wiki mbili zikaisha nikitafuta kitu nilichokwisha kukisoma. Iliniuma sana, kwa sababu wiki hizo nilitakiwa niwe Korogwe naongea na wakulima.

Dada mmoja aliyenitangulia mwaka chuoni ndiye aliyenikalisha Maktaba ya Mkoa akaniwekea Zotero kwenye kompyuta. Akaniambia, "Mdogo wangu, usianze kusoma kitu kabla hujakihifadhi." Nimelishika hilo mpaka leo.

Kwenye kivinjari kunakaa kitufe kidogo. Ukifungua ukurasa wa makala, unakibofya, taarifa zote zinaingia, na PDF yake inaingia pia kama iko wazi kwa kila mtu. Kama kitabu unacho mkononi, andika ndani ya programu yenyewe namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada, nayo itajaza taarifa zake. Makala yenye namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, ni hivyo hivyo.

Kilichonifanya niipende hasa ni kwamba kila kitu kinakaa ndani ya kompyuta yako. Intaneti unaihitaji wakati wa kupakua tu. Nyumbani ni Ngamiani, Barabara ya 12, na kuna jioni umeme unakatika nikiwa na betri ya saa mbili. Saa mbili hizo nilikuwa nasoma kweli, kwa sababu PDF unaisoma humo humo ndani ya programu na kuipaka rangi. Mimi njano niliweka kwa takwimu, kijani kwa maneno ya kunukuu, nyekundu kwa hoja nisiyokubaliana nayo. Ukimaliza, unaiambia ikutolee yote uliyopaka kama maelezo, nayo yanatoka na namba ya ukurasa kwa kila mstari. Lile swali la "Nani?" halikurudi tena kwenye kazi yangu.

Kuna siku moja nataka niieleze vizuri. Karibu kila anayeandika habari za mkonge wa Tanga anaanza na Richard Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, na miche 62 iliyobaki hai baada ya safari ya kuletwa, ikapandwa huku mwaka 1893. Nami nilikuwa nimeshaiandika hivyo. Nikatafuta neno "Hindorf" ndani ya Zotero, maana inatafuta hadi ndani ya maandishi ya PDF, ikaniletea kazi sita. Nikazipanga kwa miaka. Wa sita anamtaja wa tano, wa tano anamtaja wa nne, hivyo hivyo mpaka chini. Ilikuwa sauti moja inayorudiwa, na mimi nilikuwa karibu kuihesabu kama mashahidi sita. Nikaenda kwa yule wa zamani kabisa, nikamsoma mwenyewe, nikamnukuu huyo. Kazi ya saa moja. Kwa daftari nisingeigundua kamwe.

Yapo ya kuangalia. Taasisi zetu zinapata taabu. Bodi ya Mkonge Tanzania iliwahi kunitokea kwenye marejeo kama "Tanzania, B. ya M.", yaani programu imeidhania kuwa ni mtu mwenye jina la ukoo. Dawa yake ni kitufe kilicho pembeni ya sehemu ya mwandishi: kinageuza visanduku viwili vya jina kuwa kimoja, halafu unaandika jina zima la taasisi. Ripoti za zamani zilizopigwa picha hazisomeki kwa programu, hizo utaandika taarifa zake kwa mkono. Na nafasi ya bure ya mtandaoni kwa mafaili ni MB 300, inajaa upesi. Mimi nilizima usawazishaji wa mafaili, nikaacha taarifa za rejea tu ndizo ziende mtandaoni, kwani hizo hazihesabiwi kwenye nafasi hiyo. Folda nzima naihifadhi kwenye diski ya pembeni kila Ijumaa.

Siku tatu kabla ya kukabidhi niliambiwa marejeo yawe ya mtindo wa Harvard badala ya APA. Yalikuwa 84. Nikafungua Word, nikaingia kwenye sehemu ya Zotero, nikachagua mtindo mwingine, na yote 84 yakabadilika pamoja na nukuu za ndani ya maandishi kabla chai yangu haijapoa. Nikayapitia moja moja kwa macho, na ni lazima uyapitie: manne yalikuwa na vichwa vya herufi kubwa tupu, kwa sababu ndivyo vilivyoingia tangu mwanzo na mimi sikuvirekebisha.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya majina ya taasisi. Anayeanza mwaka wa tatu aiweke kabla hajaandika hata mstari wa kwanza wa propozo, maana kuingiza makala sabini za zamani kwa mpigo ni kazi inayochosha, nami niliifanya. Sasa tuko wanne kwenye kundi moja humo: mmoja akihifadhi ripoti akiwa Muheza, mimi naiona nikifungua kompyuta hapa Ngamiani.