Dahabiya ya Esna hadi Aswan: siku tano Mto Nile na mamangu

Nianze na jibu kabisa manake najua wengi hilo ndo mnalotaka: kama unaenda Misri na unataka kuyaona mahekalu ya kale kwa njia ya mto, wacha ile meli kubwa ya ghorofa, panda dahabiya. Nimejaribu zote mbili. Meli kubwa niliipanda 2018 na wenzangu wa kazini, na dahabiya nimepanda Januari iliopita na mamangu, ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na babake alikua nahodha wa jahazi Lamu, kwa hivo mambo ya matanga huwezi kumdanganya.

Kwa asiyejua, dahabiya ni chombo cha tanga cha Mto Nile, kirefu na kimenyooka, vyumba si vingi. Chetu kilikua na vyumba 8 na wageni tulikua 13. Jina lenyewe limetoka kwa dhahabu, hii hii dhahabu yetu ya Kiswahili, wanasema vyombo vya wakubwa zamani vilipakwa dhahabu. Matanga ni mawili ya pembe tatu, kubwa liko omo, yaani mbele, dogo liko tezi, yaani nyuma. Siku ya kwanza tumetoka Luxor kwa gari kama saa moja na kitu hadi Esna, manake dahabiya nyingi zinaanzia hapo, mamangu kushuka tu kwenye gari hakuangalia chumba wala nini, akaliangalia tanga likiwa limekunjwa, akaipima foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho akaniambia "hii ndefu kuliko ya babu yako." Mabaharia walivoona mama mzima wa Kiafrika na buibui lake anakagua kamba zao wakafurahi, toka hapo hadi Aswan wakawa wanamuita "ya hagga", yaani hajjati, na kumletea chai ya kwanza yeye.

Sasa kitu ambacho kwenye meli kubwa sikukielewa kabisa ni upepo. Kule una injini, AC, muziki, hujui hata mnaelekea wapi. Mto Nile unateremka kutoka kusini kwenda kaskazini, lakini upepo karibu mwaka mzima unavuma kutoka kaskazini. Kwa hivo ukitaka kwenda kusini unapandisha tanga unasukumwa na upepo wa tezi, ukitaka kurudi unashusha tanga mto unakubeba. Mwongozaji wetu akatuchorea kwenye daftari vile Wamisri wa kale walivokua wanaandika, neno la kwenda kusini linachorwa na chombo kimepandisha tanga, la kwenda kaskazini chombo hakina tanga. Mamangu akakaa kimya kidogo alafu akasema "kumbe hawa wana kaskazi mwaka mzima, hawangojei kusi." Mimi nimesoma vitabu kadhaa vya Misri lakini hakuna kilichonifahamisha nchi ile kwa haraka hivo. Babu yangu alikua anangoja miezi upepo wa msimu ugeuke ndo arudi nyumbani, hawa wangeweza kwenda na kurudi wiki yoyote, mawe, nafaka, wanajeshi, miungu yao, kila kitu kinapita mtoni.

Na miungu ndo nataka niseme, kwa sababu ndo sababu kubwa ya mimi kupendekeza safari ya polepole. Haya mahekalu hayakujengwa ili mtu ateremke kwenye basi. Mungu wao Amun kila mwaka alikua anatolewa hekalu la Karnak anapelekwa hekalu la Luxor kwa sikukuu ya Opet, amepakiwa kwenye merikebu. Mungu wa kike Hathor alikua anatoka hekalu lake la Dendera kwa chombo hadi Edfu kumtembelea Horus, mungu wa huko, na sikukuu yenyewe imechongwa ukutani pale Edfu, na ukiingia chumba cha ndani kabisa unakuta merikebu ya mbao, iliotengenezwa upya siku hizi kwa mfano wa ile ya zamani, ya kubebea sanamu ya mungu. Kwa hivo ukifika kwa tanga, unafika vile hekalu lenyewe lilivokua linafikiwa. Hii si mbwembwe ya matangazo, unaihisi mwilini.

Tuzungumzie meli kubwa kidogo ili mjue mimi sina chuki nayo. Vyumba ni safi, kuna bwawa la kuogelea juu, chakula kingi, bei nafuu, dahabiya mimi nimelipa karibu mara mbili ya vile nililipa meli kwa usiku mmoja. Shida ni kwamba zinatembea kwa ratiba moja. Edfu mnafika saa kumi na mbili asubuhi, nyote, meli zote, mnaingia hekaluni kama stendi ya basi siku ya kuamkia Idi. Zikitia nanga zinafungwa ubavu kwa ubavu, nne, tano, ukitaka kushuka unapita ndani ya mapokezi ya meli za wenzako, na ukifungua pazia lako asubuhi huoni mto, unaona pazia la mtu mwengine na moshi wa dizeli.

Dahabiya yetu ilifika Edfu saa tisa alasiri. Ua lilikua na watu labda thelathini. Hekalu hili lilianza kujengwa 237 kabla ya Masihi likamalizika 57 kabla ya Masihi, miaka 180, ukuta wa mbele una urefu wa mita 36 kwenda juu, na paa bado lipo, kwa hivo ukiingia unatoka kwenye jua unaingia kwenye giza, alafu giza zaidi, vyumba vinazidi kuwa vidogo na sakafu inapanda, ndo unajua kwamba zamani mtu wa kawaida hangefika huku. Mamangu alikaa chini ya kipanga wa jiwe aliye mlangoni, ndo sanamu ya Horus, akasema anapumzika, nikamuacha nusu saa. Hakuna aliyemwambia asogee apige picha. Kitu kimoja cha Edfu kiliniuma, farasi wanaovuta magari ya kubeba wageni, wengine wamekonda mbavu zinahesabika na wana vidonda shingoni. Tulikataa tukachukua tuktuk, na nawaomba wenzangu mkataeni pia.

Lakini Edfu na Kom Ombo hata meli zinasimama. Pesa ya dahabiya inalipa pale ambapo meli hazisimami. Kwa mfano El Kab, kuna makaburi yamechimbwa kwenye mlima, na ndani ya moja amezikwa baharia na mwanajeshi aitwae Ahmose mwana wa Ebana, aliyepigana kuwafukuza Wahyksos, wageni waliokua wanatawala kaskazini ya Misri, na ukutani ameandikisha maisha yake yote, alianza kazi chomboni akiwa kijana hata hajaoa, vita gani alipigana, zawadi gani za dhahabu alipewa na mfalme. Ebana ni jina la mamake. Na babake aliitwa Baba! Ndivo ilivoandikwa, babake jina lake Baba, nae alikua mwanajeshi. Mwongozaji alivosoma ile sehemu mimi na mamangu tukaangaliana, wazungu hawakuelewa tunafurahia nini ikabidi niwaelezee. Hapo kaburini tulikua sisi tu.

Alafu Gebel el-Silsila. Mngejua vile nilivopapenda. Pale mto unabanwa na majabali pande zote mbili, na hayo majabali ndo machimbo ya mawe ya mchanga yaliyojenga Karnak, Luxor, Edfu, Kom Ombo. Unatembea ndani ya mlima uliokatwa kama keki, kuta zimenyooka kwenda juu, na alama za patasi ziko pale pale, mistari ya ulalo safu kwa safu, unaweza kuweka kidole kwenye alama ya mtu aliyekata jiwe zaidi ya miaka elfu tatu iliopita. Yakikatwa yalipakiwa vyomboni, mengi yakateremshwa na mto. Nilikua nimetoka kusimama Karnak siku tatu kabla, ule ukumbi wa nguzo 134 ambazo zile kubwa za katikati zinafika kama mita 21, na unajiuliza haya mawe yametoka wapi, sasa hapa nilikua nimesimama kwenye shimo lake. Jina pia lilimgusa mamangu, silsila kwa Kiarabu ni mnyororo, hadithi ya wenyeji inasema palifungwa mnyororo kutoka ng'ambo hii hadi ile, na kwetu Lamu silsila ni ule mfululizo wa nasaba, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani. Tulilala hapo hapo kando ya mto. Usiku mabaharia, wengi wao Wanubi, wakatoa madufu wakaimba, na mamangu alipiga makofi kwa kishindo cha kwetu na wakamfuata.

Kom Ombo tuliingia saa moja asubuhi, meli zilikua zimekuja jana jioni zikaondoka. Ni hekalu la miungu wawili, Sobek mwenye kichwa cha mamba na Horus Mkubwa, kwa hivo kila kitu ni viwili viwili, milango miwili, vyumba vitakatifu viwili. Kuna kisima cha kupimia kina cha mto, manake maji yakipanda vizuri mavuno yatakua mazuri na kodi itapanda, na kuna makumbusho madogo ya mamba waliokaushwa yalofunguliwa 2012, msiyaruke.

Mwisho Aswan, Philae, hekalu la mungu wa kike Isis, unaenda kwa boti ndogo. Hili lilikua linafunikwa na maji tangu bwawa la kwanza la 1902, likaja bwawa kubwa lililomalizika 1970, ikabidi walivunje jiwe kwa jiwe walihamishie kisiwa cha jirani cha Agilkia, kazi ya 1972 hadi 1980. Ndo hapa kuna maandishi ya mwisho ya hieroglifi, ile hati ya picha ya Wamisri wa kale, yanayojulikana yenye tarehe, mwaka 394 baada ya Masihi. Abu Simbel, yale mahekalu yaliyochongwa kwenye jabali, haimo kwenye safari ya dahabiya, tuliongeza siku, unatoka Aswan saa kumi alfajiri kwa gari, kama kilomita 280 za jangwa. Mamangu alibaki hotelini na sikumlazimisha.

Mapungufu sasa, yapo. Siku ya tatu upepo ulikufa kabisa tukavutwa na tagi, boti ya injini ya kuvutia vyombo, karibu siku nzima, kelele, na ukikaa omo moshi unakuja usoni. Wakala aliyetuuzia alisema tiketi zote zimelipwa, kufika huko makumbusho ya mamba na kaburi moja hazimo, na sehemu tulizoenda hawakupokea keshi, wanataka kadi, kwa hivo hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi kabla hujapanda ndege. Maji ya kuoga ya moto yanaisha mapema. Ubao wa kushukia ukingoni ni mwembamba hauna pa kushika, kwa mtu wa magoti kama mamangu ni shida ya kweli, wale vijana walimshika mkono mmoja mbele mmoja nyuma kila siku bila kuchoka, lakini kama mzazi wako hawezi ngazi hata kidogo basi meli kubwa itamfaa zaidi, nasema wazi. Intaneti inakuja na kupotea.

Chakula sina neno. Maharage yao ya asubuhi na mkate wa moto, samaki, kuku, na siku moja wakatupikia molokhia, ambayo ni mlenda wetu kabisa ila wao wanaukatakata sana na kutia kitunguu saumu kilichokaangwa. Bakshishi inawekwa kwenye sanduku moja mwisho wa safari wagawane, wekeni vizuri, kazi ya kupanda ile foromali kufungua tanga si mchezo.

Nendeni kati ya Oktoba na Aprili, zaidi ya hapo jua la Aswan linapita digrii 40. Januari mchana ni raha lakini alfajiri mtoni ni baridi kweli, beba sweta na soksi. Na kabla hujalipa muulize wakala maswali haya: chombo kinasimama El Kab na Gebel el-Silsila? Tunafika Edfu saa ngapi? Tagi inawashwa upepo ukifa tu au kila siku? Akikujibu kwa kuzunguka zunguka tafuta mwengine, manake kuna vyombo vina matanga ya mapambo, vinavutwa toka Esna hadi Aswan na tanga halifunguliwi hata mara moja.