Kupangiwa upya mkopo wa nyumba: huduma niliyoipata Tabora

Nimestaafu jeshini, na pensheni ikawa haitoshi tena rejesho la nyumba yangu ya Ipuli. Benki yangu hapa mjini imenisikiliza. Afisa mikopo, binti mdogo, alinipokea kwa "Shikamoo afande", akafungua jedwali la marejesho tukapitia mstari kwa mstari: muda ukirefushwa, rejesho la mwezi linashuka, lakini riba ya jumla inapanda. Hakunificha hilo, nampongeza sana. Mke wangu naye aliitwa kusaini, maana nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Foleni ndiyo mbaya: wazee wenye magoti mabovu wanasimamishwa muda mrefu, warekebishe.

Wastaafu wenzangu, nendeni mapema, kabla hamjaletewa notisi. Na mwenye kiinua mgongo bado mkononi aulize kwanza kuhusu kupunguza deni lenyewe.