Mvinyo mwekundu wa Kifaransa wa bei nafuu: gusa shingo ya chupa kwanza

Malalamiko ni yaleyale: dada, nimetoa hela nzuri kwa chupa ya Ufaransa, kufungua tu, ladha ya jamu iliyoungua. Mara nyingi mwenye shamba hana kosa. Chupa imepikwa kwenye kontena, au dirishani dukani.

Kwa hiyo habari za harufu ya cheri na pilipili manga leo sizigusi. Naanzia shingoni. Mvinyo ukipata joto hutanuka, ukasukuma kizibo juu, mwingine ukavujia chini ya kile kifuniko cha bati. Pitisha kidole gumba juu yake. Pakiwa pamevimba, rudisha rafuni. Kisha jaribu kukizungusha. Kikigoma kabisa, huenda kimegandishwa na mvinyo uliovuja ukakauka. Inua chupa kwenye mwanga: mvinyo ukiwa umeshuka chini ya shingo, achana nayo.

Ikifaulu hapo, tafuta Ventoux, mvinyo wa kusini mashariki mwa Ufaransa. Upendeleo wangu siufichi: namba moja ni Terrasses ya Château Pesquié, shamba la familia ya Chaudière huko Mormoiron, mchanganyiko wa zabibu za Grenache na Syrah. Mizabibu iko chini ya mlima Ventoux, wenye kilele cha mita 1,900 na ushei, na usiku wa kule una baridi. Ndiyo maana mvinyo wake una uchachu kidogo na haukinaishi, hata ukiwa na nyama choma iliyokamuliwa ndimu.

Namba mbili, Corbières, nao wa kusini mwa Ufaransa, yenye zabibu za Carignan, ilimradi lebo iseme "mis en bouteille au château" au "au domaine", yaani ulijazwa shambani kwao. "Dans la région de production" maana yake ulijazwa kwingine.

La Vieille Ferme, ile yenye kuku kwenye lebo? Inanyweka. Ni ya familia ya Perrin, ila hao si wadogo hata kidogo, na kifuniko cha kusokota kinakunyima ushahidi wa kizibo. Ya boksi, tuyaache.

Sasa wauzaji. Taa kali juu, jua la saa nane dirishani, chupa zimesimama mwaka mzima, halafu kuna aliyeniambia Ventoux ya 2015 ni ghali kwa sababu "mvinyo ukikaa ndiyo unanoga". Hiyo ni Bordeaux ya wakubwa, mvinyo ghali wa kuwekwa miaka mingi, kaka! Huu wetu umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Kodi naielewa, usafiri naelewa, vumbi silipii.