TAHADHARI: anayeuza sindano za seli shina za mafuta eti zinatibu kansa. NIMEPIGWA

Jamani naandika nina hasira na aibu, msinicheke. Mama ana kansa ya titi, ishu yenyewe mnaijua, sirudii. Seli shina ni zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine.

Saa 4 usiku huyo muuzaji kanitumia video. Mafuta ya tumbo yanavutwa kwa bomba, manjano kama siagi iliyoyeyuka, yanatiwa kwenye mashine yanazungushwa weee, chini kinabaki kitone chekundu chekundu. Halafu vois, sauti ya upole kabisa: "Dada yangu, hizo ndo seli shina, mali ya mama mwenyewe, tunamrudishia mwilini zinaenda kuitafuna kansa." Mali ya mama mwenyewe! Hapo ndo nikaisha. Nikatuma hela nimekaa pembeni ya mama, mwanga wa simu nimeufunika kwa shuka asiamke.

Na msiniite mjinga. Alivaa koti jeupe, aliomba majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa titini kwa mama akayasoma mstari kwa mstari, na seli shina zenyewe si uongo, wenye kansa ya damu wanapandikizwa za uboho wa mifupa miaka na miaka, sasa za mafuta mimi ningejuaje ni habari nyingine?

Daktari wa mama nilipomwambia aliweka kalamu chini. "Unataka kumwagia magugu mbolea?" Kumbe zile seli zinatoa kemikali za kuotesha mishipa ya damu na kutuliza kinga ya mwili, kidonda kinapona vizuri, ila uvimbe wa kansa nao unavitaka hivyo hivyo. Maabara, kwa panya, majaribio mengi kansa ilikua haraka zaidi, mengine ikapungua, yaani wenyewe wataalamu hawajaafikiana halafu jitu linauza kama vocha! FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha seli za mafuta kwa kansa yoyote. Huko Florida 2015 wanawake watatu walidungwa za mafuta machoni, macho yakaharibika vibaya, na hiyo hata si kansa.

Dalili za tapeli? Sindano ile ile inatibu kansa, magoti, kisukari na upara. Na anakukataza usimwambie daktari wako. Zingine nikipoa nitakumbuka.

Huyu afungwe, tena afungwe na aliyemrekodia video, hela za wagonjwa azitapike zote mbele ya watu!! Kanibloku, kwenye profaili katoa koti jeupe kaweka ua.

Mama asubuhi kaniuliza yule daktari mpole anakuja lini.