Madumu nayasifu, keria ile siisamehe

Kama una pikipiki ya Boxer na unabeba vifaa vya kazi, usihangaike na mabegi ya dukani. Tafuta madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita 20, yale ya njano yenye plastiki nene. Kata ubavu mmoja wote, uurudishie kwa bawaba, weka komeo na kufuli dogo. Pembezoni mwa mlango bandika ukanda wa tyubu kuukuu ili maji yasipenye. Mimi ni fundi sola, nazunguka Moshi, Himo mpaka Rombo huko, na masika yote waya na spana zangu zimekaa kavu. Kazi ipo kwenye kuyaosha tu: maji ya moto na sabuni ya unga, tena na tena, la sivyo kila kitu kitanuka mafuta.

Kilichoniudhi ni keria ya kuyabebea, yaani vile vyuma vya kuyashikilia pembeni ya gurudumu.

Nilimpelekea fundi wa kuchomelea pikipiki pamoja na madumu yenyewe, vifaa vyote vikiwa ndani. Nikamwambia, fundi, mzigo ndio huu, upime kwa mkono wako. Akainua, akasema hamna shida. Waya wa betri hakuufungua mpaka nilipomkumbusha, wakati kila anayechomelea pikipiki anajua unaweza kuunguza CDI, kile kifaa kinachoipa plagi moto. Grenda ya kusaga rangi hakuigusa. Nilipouliza kuhusu rangi ya chuma akanijibu, moto unaila wenyewe. Elfu arobaini ikaenda.

Haikuchukua muda. Kwenye matuta ya Uchira nilipanda tuta taratibu kabisa, nikasikia "ka!" nyuma yangu. Dumu la kushoto limelalia mnyororo, na inveta ya mteja, mama mmoja wa Himo aliyekuwa ananisubiri, imebingirika kwenye kokoto za pembeni. Nikainama kutazama pale palipoachia. Weldingi ilikaa juu ya chuma kama uji uliomwagikia meza, rangi nyekundu bado iko pembeni yake, na kipande kilichobaki nilikibandua kwa kucha. Kwa kucha jamani!

Nikarudi kwake, na sikwenda kugombana. Ni mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo mzee. Hakuitikia. Akaitazama keria, akaniambia, "Kijana, ulinipa hela ya keria, hukunipa hela ya daraja." Vijana wake wakacheka.

Daraja? Mzigo si aliupima mwenyewe! Angeniambia chuma hiki chembamba, ongeza elfu kumi, ningetoa pale pale bila kubisha. Mtu anakuchomelea kitu kinachoning'inia pembeni ya gurudumu lako, kikiachia kwenye mwendo unakwenda chini ya lori, halafu anakufanya kichekesho mbele ya watu.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba mafundi wa barabarani wote ni wababaishaji. Nimeifuta, kwa sababu aliyenirekebishia naye anafanyia kazi chini ya mwembe huko Majengo, na mashine yake ni ndogo kuliko ya yule. Alifungua betri bila kuambiwa. Akasaga mpaka chuma kikawa cheupe. Akaongeza chuma cha mshazari kutoka chini ya dumu mpaka karibu na inapofungwa shokapu, maana alisema kinachovunja keria ni kule kutikisika zaidi kuliko uzito. Dumu la kulia akalisogeza mbali na egzosi lisije likayeyuka. Nimeshapanda nayo Marangu mpaka Mkuu, na hakuna nati iliyolegea.

Niseme na haki yake yule wa kwanza: upande wa kulia alioufanya yeye haukuvunjika. Labda umeme siku ile ulikuwa mdogo, moto ukakosa nguvu ya kuingia kwenye chuma. Inawezekana, na nikiwaza hivyo hasira inapungua, natamani hata kumsamehe. Halafu nakumbuka kile kicheko, na yule mama wa Himo ambaye ilibidi nimnunulie inveta nyingine kwa hela yangu mwenyewe, na "pole" hata moja sikuipata. Hapana, simsamehe.

Madumu tengenezeni, ni kitu kizuri mno na cha bei ndogo. Anayetaka kuchomelea nitampeleka mwenyewe mpaka kwa yule wa Majengo. Kwa yule mwingine simwelekezi mtu, hata akisema atafanya bure.