Boksi la Keki Nyeupe: Kabla Mtoto Hajakomba Bakuli

Habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu. Hili ni boksi la Duncan Hines, unga wa keki nyeupe, Classic White. Wengi mmeniuliza: si ndiyo ile iliyoondolewa madukani? Ndiyo yenyewe.

Novemba 2018 kampuni ya Conagra iliondoa sokoni Marekani aina 4 za unga huu: nyeupe, ya njano, ya siagi na ile yenye punje za rangi. Maofisa wa afya jimbo la Oregon walikuwa wamechukua boksi ambalo halijafunguliwa, wakalipima, wakakuta salmonela, bakteria wa kuharisha. Hadi uchunguzi unafungwa Januari 2019, waliothibitishwa kuugua walikuwa 7, katika majimbo 5.

Mtasema ni wachache. Haya, 2021, hukohuko Marekani, unga wa keki ulihusishwa na E. coli, bakteria mwingine wa tumbo. Waliougua 16, wengi wao watoto. 7 walilazwa, na mmoja ikamfika hadi kwenye figo.

Sogeeni muone, nafungua mfuko wa ndani. Mkavu, laini kama poda, unanukia vanila. Pua haikuambii kitu hapa. Salmonela haina harufu, na ukavu hauiui. Inajikalia tu humo miezi na miezi. Ngano imetoka shamba, ndege na wanyama wamepita juu yake, na kinu kinasaga tu, hakipiki. Yai bichi tunaliogopa, ila unga tunauchukulia kama kitu kilichokwisha iva. Jamani, unga ni mbichi!

Kwetu, mama akishamimina keki kwenye chombo, tulikuwa tunagawana: dada mkubwa mwiko, mimi mchapo wa kupigia mayai, mdogo wetu bakuli, anakomba kwa kidole mpaka linang'aa. Utamu ule naukumbuka hadi leo. Mwanangu akinyoosha mkono namzuia, na inaniuma, lakini namzuia. Na wale wanaopasha unga kwenye maikrowevu ili waule bila kuoka, tafadhali acheni. Bakteria akiwa kwenye kitu kikavu anavumilia moto kuliko mnavyodhani.

Keki yenyewe sasa. Tazameni nikiikata: imechambuka, haivunjikivunjiki, ya moto hivi unaila bila chai. Sukari imezidi kidogo kwa ulimi wangu. Nilichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, kwa hiyo hii nampa mtoto bila wasiwasi. Naipa 7 kwa 10. Ningependa tu onyo la kutoila mbichi liwe mbele ya boksi, kwa herufi kubwa, pale pale penye picha ya keki.

Unga uliomwagika mezani, futa kwa maji ya moto na sabuni, halafu unawe mikono. Na bakuli, mimi nikishamimina tu nalijaza maji, kabla mtu hajapitisha kidole.