Uzoefu wangu: miaka miwili ya kuendesha programu ya CGI kwenye seva ya kukodi

Kwa miaka miwili sasa nimekodi nafasi kwenye seva ya kampuni moja, ambayo sitaitaja, kwa ajili ya kazi ndogo: wageni wanaofikia nyumba yetu hapa Lamu huandika siku na safari wanayoitaka, nao hujibiwa saa ya boti kuondoka. Jibu hilo haliwezi kuandikwa mara moja likaachwa, kwa kuwa boti za kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda, nao hutegemea maji kujaa. Saa iliyofaa Jumatatu haifai Alhamisi.

Njia niliyoitumia ni kongwe. CGI, yaani utaratibu wa seva ya wavuti kuendesha programu ili itunge jibu, ilianza mwaka 1993 pamoja na seva ya NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2004 katika hati ya intaneti iitwayo RFC 3875. Mgeni anapobonyeza, seva haimpi faili iliyokwisha kuandikwa, bali huiamsha programu yangu, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, huipa habari za ombi kupitia vigeu vya mazingira, yaani maneno yenye majina ambayo programu huyakuta inapoanza, kisha hungoja jibu. Yaliyofuata alama ya kuulizia, kwa mfano siku=alhamisi&safari=pate, huwekwa katika kigeu cha QUERY_STRING; ama fomu ya kuweka nafasi, inayotumwa kwa POST, njia isiyoweka maneno kwenye anwani ya ukurasa, maneno yake programu huyasoma kama yanayochapwa kwenye kibodi, na kigeu cha CONTENT_LENGTH huieleza ni baiti ngapi. Programu hutoa mstari wa Content-Type: text/html, unaotaja aina ya jibu, halafu mstari mtupu, halafu ukurasa wenyewe, kisha hufa. Mstari ule mtupu ukisahauliwa, mgeni hapati kitu ila hitilafu ya 500, yaani seva imeshindwa kwa ndani.

Mimi hitilafu hiyo niliipata siku ya kwanza, na mstari mtupu nilikuwa nimeuweka. Ruhusa za faili zilikuwa 755, namba inayoiruhusu seva kuliendesha, nalo lilikaa ndani ya cgi-bin, folda ya programu hizi, kama nilivyoelekezwa. Nikawaandikia wahudumu wa kampuni; siku ya tatu wakanijibu kwamba kosa liko kwenye programu yangu, basi. Aliyeniokoa ni mpwa wangu, aliyelifungua faili mara moja tu akasema, "Mjomba, hili limeandikwa kwenye Windows." Mwisho wa kila mstari palikuwa na herufi ya ziada isiyoonekana, na seva ya Linux, iliposoma mstari wa kwanza, unaotaja Perl ilipo, ilikuwa ikiitafuta Perl yenye mkia huo katika jina lake, na Perl ya namna hiyo haipo duniani. Lau kampuni ingenifungulia daftari la hitilafu, ambamo seva huandika sababu ya kila kosa, ningeliona mwenyewe kwa dakika tano. Kulificha daftari hilo ndiko ninakowalaumu hasa, wala si uchakavu wa CGI.

Nawasifu kwa jambo moja. Programu huendeshwa kwa jina la akaunti yangu, si kwa jina la seva nzima, hivyo jirani tunayechangia naye mashine hawezi kuyasoma majina ya wageni wangu. Jambo hili si dogo: mwaka 2014 ilipogunduliwa dosari ya Shellshock katika Bash, programu ya kupokelea amri kwenye Linux, programu za CGI zilikuwa miongoni mwa milango iliyoshambuliwa, kwa sababu vigeu vile hujazwa maneno ya mtu usiyemjua.

Udhaifu wa njia yenyewe niliuona wakati wa Maulidi, mji ulipofurika wageni. Kila ombi huanzisha Perl upya, huisoma programu yote, hujibu neno moja na kuizima, kama mtu anayewasha jiko kwa kila kikombe cha chai. Maombi yalipokuja kwa pamoja nilifikia kikomo cha michakato cha akaunti yangu, yaani idadi ya programu zinazoruhusiwa kwenda kwa wakati mmoja, na ukurasa ukawa unatoa 503, hitilafu ya huduma kutopatikana, tangu alasiri hadi usiku. Hilo siwalaumu, kikomo kilikuwa kwenye mkataba.

Fomu ya kuweka nafasi nimeihamishia FastCGI, ambayo huiacha programu hai kati ya ombi moja na jingine. Kampuni inaikubali bila malipo ya ziada, ingawa haikuwahi kunitajia. Na jedwali la saa za boti nimeliondoa katika CGI kabisa, kwani maji hayajai wala kupwa kwa kumtazama anayeuliza: programu ile ile huendeshwa mara moja kwa siku, saa sita ya usiku, ikaandika faili la kawaida, na seva hulitoa jinsi lilivyo hadi kesho yake.